Pampu ya petroli haina hatia mpaka ipimwe

Leo naomba tuzungumze juu ya kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani, lakini ambacho kimewatoa watu wengi jasho na fedha. Kifaa hicho ni pampu ya petroli ya pikipiki ya matairi matatu, ile ya abiria tunayoiita bajaji na ile ya mizigo tunayoiita guta.

Nilikuwa safarini kutoka Kilosa kwenda Mikumi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Tulipokwisha kuipita Ulaya tukakuta guta limesimama kando ya barabara, limepakia magunia ya mahindi. Dereva wake, kijana ambaye bado hajafikisha miaka 25, alikuwa amekaa chini, amejishika tama. Dereva wetu akasimamisha gari.

"Shikamooni wazee," kijana akatuamkia. "Hii ni pampu ya pili ndani ya wiki mbili. Ya kwanza nimenunua kwa fedha zangu, ya pili nimekopa."

Kwa bahati njema, katika gari letu alikuwamo fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa akirejea kwake Mikumi. Hakushika spana. Alianza kwa kuuliza.

"Mwanangu, likizima huwa unafanya nini?"

"Nafungua mfuniko wa tangi natazama kama mafuta yamo. Nayaona yamo. Nafunga, napumzika kidogo, nikiwasha linawaka. Nikienda kilomita chache linazima tena."

"Basi wewe mwenyewe umekuwa ukilitibu bila kujua," fundi akamwambia.

Akausogelea mfuniko wa tangi na kuuzungusha taratibu. Sote tulisikia hewa ikiingia ndani kwa mlio mwembamba. Tundu la kupumulia la mfuniko ule lilikuwa limezibwa na vumbi lililoshikamana na mafuta. Petroli ilipopungua tangini hewa haikupata njia ya kuingia badala yake, na petroli iliyobaki ikagoma kutoka. Fundi alilizibua tundu kwa waya mwembamba, kijana akapiga stata, guta likawaka. Tuliongozana nalo hadi Mikumi, na halikuzima tena.

Ndugu wasikilizaji, pampu mbili zilinunuliwa kwa sababu ya tundu lisilozidi upana wa sindano. Nalo jambo hili lilijificha kwa hila. Kila fundi wa kwanza alipofungua mfuniko ili kutazama mafuta, hewa iliingia. Alipofunga pampu mpya na kulijaribu guta, lilikwenda vizuri. Kijana akalipa, akashukuru, akaondoka. Hewa ilipokwisha njiani, ugonjwa ukarudi, na lawama ikaangukia pampu mpya kwamba ni spea ya bandia.

Nimeona vyema tulizungumze jambo hili kwa sababu wengi wa vijana hawa hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Wanapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, au wako katika mkataba ambao mwisho wake chombo kitakuwa chao. Siku ambayo chombo kimelala, hesabu hailali. Pampu iliyonunuliwa bure ni siku kadhaa za kazi zilizopotea, na pengine ni deni. Tena Kilosa ya leo ina shughuli nyingi. Reli ya kisasa ina stesheni hapo, na tangu treni za umeme zilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, bajaji imekuwa sehemu ya safari ya mtu anayeteremka na mizigo yake. Kwa hiyo maarifa ya chombo hiki yanamhusu dereva, tajiri na hata abiria.

JE, CHOMBO CHAKO KINA PAMPU?

Swali la kwanza linaweza kuwashangaza baadhi yenu. Je, chombo chako kina pampu ya petroli? Kuna vyombo visivyokuwa nayo kabisa. Pale ambapo tangi liko juu ya kabureta, petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake, kama maji yanavyoshuka kutoka kwenye pipa lililoinuliwa. Ukifuata mpira wa petroli utakuta koki, chujio, kisha kabureta, basi. Mwenye chombo cha namna hii akiambiwa kwamba pampu imekufa, ajue anazungumza na mtu asiyekijua chombo chake.

Aina ya pili ni ya vyombo ambavyo tangi liko chini, au usawa mmoja na kabureta. Baadhi ya magari ya mizigo ya matairi matatu yamo katika kundi hili. Hapo huwekwa pampu ndogo isiyotumia umeme. Utaitambua kwa mipira yake mitatu. Mmoja unaleta petroli kutoka tangini, wa pili unaipeleka kwenye kabureta, na wa tatu, ambao aghalabu ni mwembamba, unakwenda kwenye njia ambayo injini inavutia hewa. Ndani yake mna utando wa mpira. Injini inapovuta pumzi, utando unavutwa, na pumzi inapolegea, utando unarudi. Mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio unaoisukuma petroli mbele, huku vilango viwili vidogo vikiizuia isirudi nyuma. Ni kama moyo unavyosukuma damu.

Aina ya tatu ni pampu ya umeme, ambayo kwa kawaida huzamishwa ndani ya tangi lenyewe. Hii ni ya vyombo visivyo na kabureta, vile vinavyopuliza petroli ndani ya injini kwa sindano inayoongozwa na kompyuta ndogo. Nchini India, ambako bajaji nyingi tunazozitumia zimetengenezwa, mfumo huo umeenea zaidi tangu viwango vipya vya moshi vilipoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020, na vyombo vya namna hiyo vinazidi kuonekana. Pampu hii husukuma petroli kwa nguvu nyingi, mara nyingi kiasi cha baa 3, yaani zaidi ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo.

Kila aina ina vipimo vyake, na fundi anayevichanganya atatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

PETROLI AU MOTO?

Chombo kinapozima, yafaa kwanza kujua kama kimekosa petroli au kimekosa moto wa plagi. Dalili zake hutofautiana. Chombo kilichokosa moto mara nyingi huzima ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi. Chombo kinachonyimwa petroli huanza kwa kukohoa, hupoteza nguvu kikiwa na mzigo au kikipanda mlima, huitika kidogo ukipunguza resi, kisha hulala. Dalili hizi ni za kuanzia tu, kwa sababu ziko hitilafu za umeme zinazoiga zile za petroli.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo kwenye plagi. Piga stata mara kadhaa, subiri injini ipoe kidogo, kisha ifungue plagi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi petroli inafika, na tatizo litafutwe upande wa moto. Ikiwa ni kavu kabisa, petroli haifiki. Hapo ndipo tuna haki ya kuanza kuifuata njia ya petroli, na tuifuate kuanzia chanzo chake, kama mtu anayetafuta mahali bomba la maji lilipoziba.

Tuanze na tangi. Hakikisha petroli imo, kwa kuitazama kwa macho yako, usitegemee mshale wa dashibodi. Kisha mfuniko: washa injini huku mfuniko umelegezwa, mahali pasipo na moto. Ikiwa chombo sasa kinakwenda bila kukohoa, umekwisha kuupata ugonjwa, nao unatibiwa kwa kuzibua tundu.

Baada ya hapo chomoa mpira wa petroli mahali unapoingia kwenye pampu au kabureta, uelekeze ndani ya chupa safi, na ufungue koki. Pale ambapo tangi liko juu, petroli itiririke bila kukatika. Ikidondoka tone moja moja, kizuizi kiko nyuma yako, katika koki, katika chujio au katika mpira wenyewe uliojikunja au kuchakaa kwa ndani. Badilisha chujio, ambalo ni spea ya bei nafuu kuliko zote tutakazozitaja leo, na uangalie mshale uliochorwa juu yake ili usilifunge kinyume.

Hiyo petroli uliyoikinga usiimwage upesi. Iache itulie dakika chache, kisha itazame kwenye mwanga wa jua. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwamo yatakaa chini, na utaona mstari unaoyatenga. Takataka nazo zitatua chini. Wakazi wa Kilosa wanaujua vizuri Mto Mkondoa, uliofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 ukaharibu nyumba na reli. Hata katika miaka isiyo na mafuriko, masika huingiza maji katika madumu, katika mapipa na katika matangi yasiyofunikwa vizuri. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara inaweza kuwa imepita katika vyombo vitatu au vinne kabla ya kufika kwako. Ikiwa huna budi kuinunua, basi ichuje.

Halafu kuna uchakachuaji, neno ambalo kila Mtanzania analifahamu. Zamani mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo kuliko petroli na dizeli, na wenye tamaa wakayachanganya. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Katika bajeti ya mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Chombo kilichonyweshwa mchanganyiko wa namna hiyo huwaka kwa shida, hutoa moshi na hupoteza nguvu, na anayehukumiwa aghalabu ni pampu. Kwa hiyo kama matatizo yameanza mara baada ya kujaza mafuta mahali fulani, yakumbuke mafuta hayo kabla hujaenda dukani.

KUIPIMA PAMPU ISIYO NA UMEME

Sasa tuseme petroli inafika kwenye pampu vizuri. Kwa pampu ya utando, vipimo ni vitatu, na vyote havihitaji chombo cha gharama.

Kipimo cha kwanza: chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa iliyo mbali na plagi na bomba la moshi, kisha mtu mwingine apige stata. Petroli itoke kwa kuruka-ruka, kufuatana na mapigo ya injini. Ikitoka hivyo kwa nguvu, pampu ni nzima, na ugonjwa uko mbele, ndani ya kabureta.

Kipimo cha pili: ikiwa petroli haitoki, chomoa ule mpira wa tatu unaoleta pumzi ya injini, uzibe mwisho wake kwa kidole, na stata ipigwe tena. Kidole kisikie kuvutwa. Kisipovutwa, pampu haina kosa. Mpira huo umepasuka, umechomoka au umeziba. Mpira huu hupasuka hasa kwenye ncha, pale unaposhikana na bomba, kwa sababu ya joto la injini. Kipande kipya cha mpira huo huokoa bei ya pampu nzima.

Kipimo cha tatu ndicho kinachofichua pampu iliyokufa kweli. Utazame huo mpira wa pumzi kwa ndani. Unapaswa kuwa mkavu. Ukikuta petroli inatiririka humo, utando umetoboka, na injini imekuwa ikinywa petroli kwa mlango wa nyuma. Dalili zake barabarani ni moshi mweusi, harufu kali ya petroli, ulaji mkubwa wa mafuta na injini isiyotulia chombo kinaposimama. Pampu ya namna hiyo ibadilishwe bila kuchelewa. Tena mafundi wengi husahau jambo moja: petroli iliyozidi hushuka ndani ya injini na kuizimua oili. Vuta kijiti cha kupimia oili ukinuse. Ikiwa oili inanuka petroli au imepanda kuliko ulivyoiacha, imwage uweke nyingine, la sivyo utakuwa umeiponya pampu na kuiua injini.

Kwa muhtasari, petroli ikiingia, pumzi ikiwapo, na petroli isitoke, pampu ina hatia. Mpaka hapo ndipo mtu aende dukani.

KUIPIMA PAMPU YA UMEME

Kwa vyombo vya sindano, anza kwa masikio. Zungusha ufunguo bila kupiga stata. Kwa kawaida pampu itavuma kwa sekunde mbili au tatu, kisha itanyamaza ikisubiri injini izunguke. Usiposikia kitu, usikimbilie kuifungua. Angalia fyuzi yake. Angalia betri, maana betri iliyochoka haiwezi kuisukuma pampu na stata kwa wakati mmoja. Baadhi ya vyombo vina swichi inayokata petroli chombo kinapopinduka. Ikiwa chako kilianguka karibuni, ichunguzwe hiyo pia.

Baada ya hapo itafutwe soketi ya nyaya za pampu. Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, ile ya kupimia, uiunganishe na nyaya mbili za umeme wa pampu ndani ya soketi yenyewe upande unaoleta umeme, kisha mtu azungushe ufunguo. Taa ikiwaka kwa zile sekunde mbili tatu kwa mwanga kamili, umeme unafika na waya wa kurudisha ni mzima. Pampu isiyovuma hapo imekufa. Taa isipowaka, pampu haijapewa kazi ya kufanya, na kuibadilisha ni kutupa fedha. Tafuta rilei, waya uliokatika, au kutu kwenye soketi. Kutu hiyo ni jambo la kawaida kwa chombo kinachovuka tope na kuoshwa kila jioni kwa maji ya kasi.

Ikiwa pampu inavuma lakini chombo hakina nguvu, kinachohitajika ni geji ya kupimia msukumo wa petroli, ilinganishwe na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha chombo. Gereji isiyo na geji inakisia tu. Mara nyingi tatizo huwa ni lile chujio la chini ya pampu, ndani ya tangi, lililojaa uchafu.

Hapa nitoe onyo kwa madereva wenye mazoea ya kutembea na petroli ya kubahatisha. Pampu ya umeme iliyomo tangini hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Anayetembea kila siku na tangi karibu tupu anaichemsha pampu yake, na anaivutisha uchafu wa chini. Anaokoa fedha leo, anazilipa kesho pamoja na riba.

KUIBADILISHA BILA KUUNGUA

Wananchi wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa petroli ni nini. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauonekani, hutambaa chini, hujikusanya mashimoni, na huweza kuufuata moto ulioko mbali.

Kwa hiyo kazi hii ifanyike nje, mahali penye upepo, injini ikiwa imepoa. Pasiwe na sigara, jiko la mama ntilie wala kibatari. Fungua waya hasi wa betri kabla ya kugusa mpira wowote. Weka karibu kizimamoto cha unga au ndoo ya mchanga mkavu; maji hayafai, kwani petroli huelea juu yake na kusambaza moto. Na tafadhali, acheni tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa pampu ya utando, funga koki, na kama haipo, utoe petroli tangini na kuiweka ndani ya dumu linalofungika. Tia alama kwenye mipira mitatu kabla ya kuichomoa. Fungua klipu, kisha skrubu zinazoishika pampu. Iweke ya zamani kando ya mpya na ulinganishe upana wa vijibomba, mahali pa skrubu na mishale ya kuingilia na kutokea. Mpira uliokauka au kupasuka usirudishwe. Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, kwa sababu ule mwangavu wa maji hukakamaa na kupasuka. Funga klipu mpya, fungua koki, rudisha waya wa betri, kisha piga stata kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko katikati, maana pampu na kabureta bado ni tupu na zinahitaji muda kujaa.

Kwa pampu ya umeme kuna hatua moja inayotangulia zote. Petroli iliyomo katika bomba imebanwa kwa nguvu, na ukilifungua ghafla itakurukia usoni. Chomoa soketi ya pampu, washa injini, uiache izime yenyewe kwa kumaliza petroli iliyomo bombani. Ndipo ufungue betri. Safisha vumbi lote juu ya tangi kabla ya kulifungua, lisiangukie ndani. Itoe pampu kwa uangalifu pamoja na boya la kupimia mafuta, ambalo hupinda upesi. Osha tangi likiwa na uchafu au maji. Weka sili mpya, kwani ya zamani huwa imetanuka, na kaza skrubu kwa kukingamana, kidogo kidogo. Kabla ya kupiga stata zungusha ufunguo mara tatu au nne ili pampu ijaze bomba.

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi mbili, tazama kila kiungo injini ikiwa inanguruma. Kikivuja hata tone moja, izime na urekebishe. Kisha jaribu chombo kikiwa na mzigo, kwa umbali uleule ambao kilikuwa kikizimia. Kijana wa guta alijaribiwa pampu yake kwa kuzunguka gereji mara mbili, na ndiyo maana ugonjwa haukuonekana.

NENO LA MWISHO

Madereva, dai spea ya zamani uliyobadilishiwa na umwombe fundi akuonyeshe kilichoiharibu. Fundi mwema hatachukia. Matajiri, andikianeni na vijana wenu nani analipa kipi chombo kinapoharibika, na msiidai hesabu ya siku ambayo chombo chenu kilikuwa gereji. Nanyi mafundi, ambao wengi wenu mmejifunza kwa macho chini ya mwembe na mnafanya kazi kubwa, kumbukeni kwamba anayelipia kosa lenu ni yule asiye na kitu.

Na kwa wanaopita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia huikatiza kwa kilomita zipatazo 50, kikohozi cha injini kisivumiliwe mpaka humo ndani. Tembo na nyati hawajui kwamba pampu yako imekufa. Chombo kikizima humo, kisogeze pembeni, weka alama ya kuwaonya wenye magari, kaa hapo hapo karibu na chombo na uombe gari linalopita litoe taarifa kwa askari wa hifadhi. Usiingie porini, hata kwa haja ndogo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, ni lazima kwanza uuone ufa uko wapi. Anza kwenye tangi, malizia kwenye injini, na ununue spea siku ile tu ambayo vipimo vimeikataa ya zamani.